Umetibiwa mzizi wa jino? Kizibo cha muda si mwisho wa tiba

Maumivu ya jino yakiisha, mtu huyasahau upesi kuliko anavyosahau deni. Usiku alikaa kitandani ameshika shavu, hakulala, hakuacha mwenzake alale. Asubuhi ya pili yake yuko Mtaa wa Kongo anapanga viatu kwenye meza, na kile kizibo cheupe alichowekewa juu ya gego anakigusa kwa ulimi tu, mara moja moja. Ameshafanya ruti kano, anawaambia wenzake. Daktari wa meno alimwambia arudi baada ya wiki mbili. Harudi.

Ndugu msomaji, leo tuzungumzie hizo wiki mbili. Mimi si daktari wa meno, ni daktari wa tiba, na wagonjwa wa aina hii hunifikia baadaye, miezi sita au mwaka ukishapita. Shavu limevimba, homa imepanda, na kama ni mgonjwa wa kisukari, sukari imegoma kushuka na nyumbani hawajui kwa nini. Nikiuliza jino gani linasumbua, anaonyesha na kusema, "Ni hili daktari, lakini hili nilishalitibu mzizi." Hapo linafuata neno ambalo limeenea mno hapa mjini: kutibu mzizi ni kupoteza hela, bora kung'oa.

Neno hilo linawanyima watu meno ambayo yangeweza kuokolewa. Katika wengi ninaowaona, tiba haikushindwa. Haikumalizwa.

Ili uelewe kwa nini, tuingie kidogo ndani ya jino. Katikati yake kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho hushuka mpaka kwenye ncha za mizizi kupitia mifereji myembamba. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu. La kwanza la juu mara nyingi lina minne, na huo wa nne ni mwembamba na hujificha, ndiyo maana hata fundi mzuri anaweza kuupita. Tundu la kuoza likichimba mpaka kwenye kiini, bakteria wa mdomoni wanaingia, kiini kinakufa, na uchafu wake unatokea chini kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa wa taya. Jipu linaanzia hapo.

Wako wanaosema ni baridi, wako wanaosema ni mdudu anayekula jino. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya mpaka kiini kikawa wazi. Kundi moja lilikuwa panya wa kawaida. La pili lilikuwa panya waliofugwa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Panya wa kawaida viini vyao vilioza na majipu yakatokea. Wale wasio na vijidudu walikula vilevile, chakula kikajazana kwenye tundu vilevile, lakini kiini kilibaki hai na kikaanza kujijengea ukuta mpya. Tundu ni lilelile na uchafu wa chakula ni uleule. Kilichotofautiana ni bakteria peke yao.

Kwa hiyo tiba ya mzizi ina kazi mbili: kuwatoa bakteria, kisha kuwazuia wasirudi. Kuwatoa hufanywa kwa faili nyembamba kama sindano na kwa maji ya dawa yenye klorini, jamii moja na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe (tafadhali usisukutue na ile ya dukani). Jino likizungushiwa kipande chembamba cha mpira wakati wa kazi hiyo, mate hayaingii kwenye mifereji inayosafishwa. Una haki ya kuuliza kama mpira huo utatumika. Anayeutumia hatakasirika ukimuuliza.

Kazi ya pili, kuwazuia wasirudi, ndiyo ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi undani wake. Mifereji ikishasafishwa na kukaushwa, hujazwa kitu kinachoitwa gata-pacha. Ni utomvu wa miti ya huko Malaysia na Indonesia, unaofanana na mpira, na umetumika kujazia mizizi ya meno tangu karne ya 19. Gata-pacha ina sifa nyingi nzuri, ila haishiki kwenye ukuta wa jino. Inakaa tu, kama kizibo cha gunzi kwenye kibuyu. Pembeni yake inabaki nafasi nyembamba, na nafasi hiyo huzibwa kwa gundi ambayo madaktari wa meno huiita sila.

Sila ziko za aina nyingi. Ya zamani ambayo bado inatumika sana ni unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na yujenoli. Yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kwa hiyo ile harufu inayokupokea ukifungua mlango wa kliniki ya meno ni jamaa ya harufu ya Pemba wakati wa mavuno. Ziko za epoksi, ukoo mmoja na gundi ngumu za kuchanganya zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Na ziko mpya, za bayoseramiki, ambazo asili yake ni madini yaleyale ya saruji, yakiwa yamesafishwa kwa matumizi ya tiba. Faida yake ni kwamba hukauka na kukaza hata penye unyevu, kama saruji inavyohitaji maji ili ikaze.

Sasa utaniuliza: ipi kati ya hizo haivuji? Jibu ni kwamba zote huvuja kwa kiasi fulani. Nyingine huyeyuka kidogo kidogo zikikutana na majimaji, nyingine husinyaa zinapokauka, nyingine huacha upenyo mahali ambapo mfereji umepinda. Bakteria mmoja ni mdogo kiasi kwamba nafasi tusiyoweza kuiona kwa macho kwake ni barabara pana.

Mwaka 1990 Torabinejad na wenzake walichapisha jaribio ambalo ningependa kila anayetibiwa mzizi alijue. Walichukua meno yaliyokwisha kung'olewa, wakayasafisha na kuyajaza mizizi ipasavyo, kisha upande wa juu wakauacha wazi na kuweka bakteria. Kwa aina moja ya bakteria, zaidi ya nusu ya mizizi ilikuwa imepenywa mpaka chini ndani ya siku 19. Kwa aina nyingine ilichukua siku 42. Miaka mitatu baadaye jaribio lingine la namna hiyo lilitumia mate ya binadamu, na mizizi yote ilikuwa imechafuka kabla ya siku 30 kutimia.

Siku 30, msomaji. Na hiyo ni mizizi iliyojazwa na watu wanaojua kazi yao, si ya kulipua.

Majaribio ya mezani si mdomo wa mtu, na wataalamu wa mizizi wenyewe wameonya kwamba kupima uvujaji kwenye meno ya maabara hakutabiri vizuri nani atapona na nani hatapona. Kwa hiyo usikubali kuuziwa sila ya bei kali kwa maneno kwamba ndiyo isiyovuja. Mikono ya anayeijaza ina uzito kuliko jina lililo kwenye kopo. Lakini jambo moja majaribio hayo yanalionyesha wazi: kilicho ndani ya mzizi hakikutengenezwa kushindana na mate peke yake. Kinahitaji kufunikwa juu.

Kwa watu walio hai tunao ushahidi pia. Mwaka 1995 Ray na Trope, huko Marekani, walichunguza picha za eksirei za meno 1,010 yaliyokwisha tibiwa mizizi. Waliangalia mzizi umejazwa vipi, juu kumezibwa vipi, na kama kuna dalili ya ugonjwa kwenye ncha. Pale vyote viwili vilipofanywa vizuri, asilimia 91 ya meno hayakuwa na ugonjwa. Pale vyote vilipofanywa vibaya, yaliyosalimika yalikuwa asilimia 18 tu. Lililowashangaza wengi ni haya ya katikati. Mzizi mzuri wenye kizibo kibovu juu: asilimia 44. Mzizi mbaya wenye kizibo kizuri juu: asilimia 68. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na mpangilio huo, baadhi ziliupa mzizi uzito zaidi, na zilipokusanywa pamoja zilionyesha kwamba vyote viwili vinahitajika kwa kiwang'o kinachokaribiana. Mimi nachukua hilo la mwisho. Huwezi kulipia kimoja ukasamehewa kingine.

Turudi Kariakoo. Kizibo cha muda kimetengenezwa kwa kazi ya muda. Kinahitaji unene wa kama milimita tatu na nusu ili kizuie mate, na hata hapo hukadiriwa kushika kwa wiki mbili au tatu. Baada ya hapo kinalika, kinachimbika, kinapata nyufa. Kila muwa unaoutafuna, kila karanga, kila hindi la kuchoma linakitoa chembe. Kwa kuwa jino halina tena mshipa wa fahamu, hakuna kitakachokuuma kukuambia kwamba pamefunguka. Ukimya huo ndio unaowaponza watu, kwa sababu jino lisilouma tumezoea kuliita jino zima.

Nawafikiria hasa wafanyabiashara wanaokuja kuchukua mzigo. Mtu ametoka Tunduma, Lubumbashi au Moroni, yuko mjini siku nne, jino linamlipukia gesti. Anaingia kliniki ya karibu, anafunguliwa jino, anasafishwa, anazibwa kwa muda, maumivu yanakwisha. Kesho yake yuko kwenye basi au melini na marobota yake. Wiki mbili za kurudi zimegeuka kuwa safari ijayo ya mzigo, na safari ijayo ni baada ya miezi mitano. Kama wewe ni huyo, mwambie daktari kabla hajakuchoma sindano ya ganzi: mimi naondoka siku fulani. Meno mengine yanaweza kumalizwa kwa kikao kimoja. Mengine yanaweza kuwekewa kizibo kigumu zaidi badala ya kile laini. Na picha yako ya eksirei ipigwe kwa simu yako pamoja na maelezo ya kilichofanyika, ili mwenzake wa huko unakokwenda aendelee mlipoishia.

Kisha kuna kofia. Gego lililotibiwa mzizi limetobolewa katikati, na kuta zake zilizobaki ni nyembamba. Likitafuna bila kufunikwa linaweza kupasuka, na likipasuka mpaka kwenye mzizi hakuna cha kuokoa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba meno yaliyotibiwa mizizi bila kuvalishwa kofia yalipotea kwa kasi mara sita kuliko yaliyovalishwa. Kwa meno ya mbele mambo ni mepesi zaidi, mara nyingi kizibo kizuri cha kudumu kinatosha. Kwa magego, uliza kuhusu kofia siku ya kwanza.

Hapa niseme na wenzetu wenye kliniki, na wasinichukie. Mgonjwa anaambiwa bei ya kutibu mzizi, anaenda kukopa, anauza simu, anachukua zamu yake ya upatu kabla ya wakati. Analipa. Akiwa kwenye kiti, mdomo wazi, ndipo anapojulishwa kwamba kuna bei nyingine ya kizibo cha kudumu na bei nyingine ya kofia. Hana tena. Anaondoka na kizibo cha muda na ahadi. Bei ya mzizi bila bei ya kifuniko ni bei ya nusu ya kazi, na mgonjwa anastahili kuijua jumla yote kabla ganzi haijaingia. Pengine akiijua jumla atachagua kung'oa. Huo ni uamuzi halali. Jino lililong'olewa vizuri ni salama kuliko jino lililofunguliwa likaachwa, na ni heri aseme mapema kwamba hataweza kuliko kulipa nusu ya fedha halafu aling'oe mwakani akiwa na jipu. Nisichokubali ni mtu kufanya uamuzi huo bila kujua kwamba anaufanya.

Wewe mgonjwa nawe uliza. Jumla ni kiasi gani mpaka jino lifungwe kabisa? Naweza kulipa kwa awamu? Bima yangu inalipa hatua zipi? Hakikisha pia kwamba anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Na kama bei ya kliniki binafsi inakushinda, usikate tamaa mlangoni. Hospitali za umma, Mnazi Mmoja na Amana zikiwa jirani na Kariakoo, na Muhimbili, zina huduma za meno. Foleni ipo, sikatai.

Wazazi, kwenu kuna jambo la peke yake. Mtoto anapofikisha kama miaka sita, nyuma kabisa ya meno yake ya utoto huota gego jipya, taratibu, bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani ni la utoto na kwamba litabadilishwa. Halibadilishwi. Hilo ndilo atakalolitafunia akiwa mzee. Linaota wakati mtoto bado hajui kupiga mswaki vizuri kule nyuma, na ndiyo maana linaoza sana. Mizizi yake haijakomaa mpaka miaka kama mitatu ipite tangu lilipoota. Ncha zake bado ziko wazi, na kulitibu ni kazi ya uangalifu kuliko jino la mtu mzima. Mkimwona mtoto wa miaka saba au minane ana tundu kwenye gego la nyuma, msisubiri liume.

Meno ya utoto yenyewe nayo hutibiwa yakioza, lakini kwa njia nyingine. Hayajazwi gata-pacha, kwa sababu mzizi wake unatakiwa uyeyuke wenyewe jino la kudumu likipanda. Hutumika dawa inayoweza kuyeyuka pamoja nao, kisha juu huvalishwa kofia ndogo ya chuma. Mtoto wako akiwekewa kofia hiyo inayong'aa usione aibu ya majirani. Kanuni ni ileile ya kuzuia mate yasishuke.

Jambo lingine linalonikera ni vidonge. Kizibo kimevuja, shavu limeanza kuuma, mtu anapita duka la dawa Msimbazi ananunua amoksilini na flajili, anameza siku tatu, anapata nafuu, anaacha. Baada ya mwezi anarudia. Jino ambalo kiini chake kimekufa halina damu inayopita ndani yake, kwa hiyo dawa uliyoimeza haifiki walipo bakteria. Inatuliza uvimbe wa nje tu, na kila unaporudia unawafundisha vijidudu vyako kuizoea. Vidonge vina nafasi yake uvimbe unaposambaa au homa inapopanda, lakini hata hapo jino lazima lifunguliwe au ling'olewe.

Na uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, ukashindwa kumeza mate, kufungua mdomo au ukaanza kuvuta pumzi kwa shida, usisubiri kliniki ya meno ifunguliwe asubuhi. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Kuvuja kwenyewe kunaanza kwa dalili ndogo. Chakula kinaanza kunasa pale ambapo hakikuwa kinanasa. Kuna ladha mbaya ambayo mswaki hauiondoi. Ukiuma jino unahisi kama limerefuka kuliko wenzake. Au kuna kijipele kwenye ufizi, kinatumbuka, kinapona, kinarudi palepale, na hakiumi. Hicho ni mlango wa usaha unaotoka kwenye ncha ya mzizi. Lakini inawezekana usione hata moja kati ya hizo, ndiyo maana eksirei baada ya mwaka mmoja ni sehemu ya tiba, hata kama jino limetulia.

Kama unasoma haya na ulimi wako umekwenda wenyewe kwenye kizibo cha muda ulichowekewa, hesabu wiki. Zikiwa hazijazidi tatu na kizibo hakijamomonyoka, panga kurudi wiki hii kiwekwe cha kudumu. Zikiwa zimezidi, rudi vilevile na useme ukweli ni tangu lini, maana daktari atapanga kazi kwa kufuata muda huo. Kama jino limekaa wazi kwa mate miezi mitatu au zaidi, usishangae akikuambia mifereji isafishwe na kujazwa upya kabla ya kufunikwa. Hakuibii. Mwambie akuonyeshe eksirei, na kabla hajaanza akutajie bei mpaka kofia.